Mimba ya Msimu wa Korosho

Neema, wewe na wenzako mlipokuja hapa kwangu Picha ya Ndege, Kibaha, na pikipiki zenu za ugani, mlitaka habari za mikorosho. Mkaniuliza tulipandaje, tulipogoleaje, tuliwezaje kuzunguka vijiji bila simu. Nikawajibu, mkanywa chai, mkacheka niliposema baiskeli yangu ya serikali ilikuwa nzito kuliko mimi mwenyewe. Wenzako walipokuwa wanawasha pikipiki, wewe ukarudi mlangoni ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba una mimba, kwamba kliniki wamekuta chembe zako za kugandisha damu ni chache, kwamba dawa waliyokupa wiki hii inafanya kazi na wiki ijayo haifanyi, na kwamba bosi wako ameshaanza kukutafutia kiti ofisini. Ukaniuliza, "Bibi, nifanyeje?"

Jibu langu lisingetosha pale mlangoni, ndiyo maana nimeliandika. Wenzako nao walisome, wanaume hasa.

Mnaniita Bibi Siku. Jina langu kamili ni Sikudhani, mzaliwa wa Maneromango, mtoto wa Kiislamu niliyesoma shule ya wamisheni kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Baada ya Uhuru nikapelekwa chuo cha kilimo, nikarudi Kisarawe na sketi ya kaki na baiskeli. Kijiji cha kwanza nilichopangiwa walikuwa wameambiwa bwana shamba mpya anakuja. Nilipofika, wazee wakanisalimu vizuri, wakaniuliza bwana shamba yuko nyuma kiasi gani.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Kondo, bwana shamba aliyeanza tangu enzi za Mwingereza. Chuo kilinipa majina ya wadudu, yeye akanipa namna ya kuingia shambani kwa mtu. "Ukifika, palilia naye kwanza," aliniambia. "Jasho likishakutoka ndipo umwambie amekosea nafasi. Ukianza na kusema, atakuitikia ndiyo, ukigeuka anaendelea na lake." Nimejaribu njia nyingine zote, hii ndiyo iliyofanya kazi. Tena Mzee Kondo hakuogopa kusema hajui. Mwaka mmoja mikorosho ya upande mmoja wa Masaki, ile yetu ya Kisarawe, ilikataa kutoa maua, akaja mkubwa mmoja kutoka mkoani kuuliza sababu. Mzee Kondo akasema, "Sijui bado." Yule mkubwa akamwambia mtaalamu hawezi kusema hajui. Mzee Kondo akavua kofia, akamwambia, "Basi sema wewe."

Sasa niwaambie kilichonipata.

Ilikuwa baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Ninyi mnasoma habari hiyo vitabuni. Masaki, kituo changu wakati ule, watu walijengewa nyumba za mistari kando ya barabara, huku mikorosho yao, iliyopandwa na baba zao, ikabaki kwenye mahame, makazi yao ya zamani, mwendo mrefu kwa miguu. Mwaka wa kwanza hakuna aliyekwenda kuifyekea. Msitu ukapanda mpaka kwenye matawi, korosho zikianguka hazionekani. Mwenyekiti wa kijiji aliona mtu kurudi kwenye mahame ni kupinga mpango. Mimi na akina mama tulibishana naye miezi. Mwisho akakubali kwa sharti moja: waende asubuhi, warudi jioni, na bibi shamba awe pamoja nao kila siku. Bibi shamba asipokuwepo, ruhusa hakuna.

Shikeni hapo. Ruhusa ya akina mama wale ilikuwa imefungwa mwilini mwangu.

Msimu huohuo ndipo nikashika mimba. Mimi na mume wangu Rajabu, fundi wa matrekta Kibaha, tulikuwa tumekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Yeye alikaa Kibaha, mimi Masaki, tunaonana mwisho wa wiki, na ndugu zake kule Mlandizi walikuwa wameshachoka kuuliza. Nilipomwambia, akaenda nje akaanza kusafisha baiskeli yangu, mnyororo mpaka kengele. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake.

Tulikuwa tunapogolea matawi ya chini, masika yamekwisha, tawi dogo likanikwaruza mkono. Mkwaruzo wa kawaida, wa kila siku. Lakini damu ikatoka, ikaendelea kutoka. Bi Chausiku, mjane mwenye mikorosho mingi kuliko wote na mdomo mkali kuliko wote, akanishika mkono akaubana kwa kitambaa. Alikuwa hanipendi. Kabla watu hawajahamishwa nilikuwa nimekata tawi la mti wake bila kumwuliza, na kila mkutano alilitaja lile tawi kama marehemu. Akanibana mpaka vidole vyake vikachoka. Alipoachia damu bado ilikuwa inachuruzika.

"Wewe bibi shamba," akasema, "hii si damu ya kukwaruzwa."

Baada ya siku chache nikatoka muhina, damu za puani, zikalowesha kanga. Nikipiga mswaki fizi zinavuja. Miguuni nikaona vidoa vidogo vya zambarau, haviwashi, haviumi, ukibonyeza haviondoki. Zahanati wakasema ni upungufu wa damu, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Rajabu aliponiona akakataa kusikia zaidi, akanipeleka hospitali kubwa ya Dar.

Huko nikakutana na Daktari Mathayo, mtu wa bara, mwembamba, mpole wa sauti. Maabara walichukua damu yangu, wakaziangalia zile chembe kwa hadubini, wakarudia mara ya pili wakidhani wamekosea. Daktari akatuita wote wawili.

"Mama, kwenye damu kuna chembe ndogo zinazoziba mahali penye jeraha. Zako ni chache sana. Mwili wako wenyewe unaziharibu."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Sijui."

"Ni mimba imeleta?"

"Inawezekana. Inawezekana ulikuwa na ugonjwa huu kabla. Sijui."

"Dawa ipo?"

"Vipo vidonge vya prednisoloni. Wengine vinawapandishia chembe, wengine haviwasaidii. Wewe utakuwa upande upi, sijui mpaka tujaribu."

Rajabu akaniangalia, akamwangalia daktari. Tulipotoka nje akasema, "Daktari gani huyu, kila kitu hajui." Mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye. Nilikuwa nimetoka Kisarawe kutafuta mtu anayejua.

Ikanichukua wiki kadhaa kumwelewa. Wale waliojua walikuwa wengi. Wa zahanati alijua, ni damu pungufu. Shangazi yake Rajabu alijua, kuna mtu kanifunga. Jirani wa Mlandizi alijua, ni kwa sababu napanda baiskeli. Daktari Mathayo peke yake ndiye hakujua, na ndiye peke yake aliyeniambia ukweli kila nilipokwenda.

Vidonge vilianza vizuri. Chembe zilipanda, fizi zikakauka, vidoa vikafifia. Nikala mpaka nikamaliza ugali wa Rajabu na wangu. Uso ukavimba ukawa duara, mashavu kama nimeweka maembe mdomoni. Nikawa sipati usingizi, na hasira zikaja za ajabu. Kwenye mkutano wa kijiji nilimkatisha mwenyekiti akiwa katikati ya hotuba, nikamwambia shamba la mihogo la kijiji limewekwa kando ya barabara ili wageni wa mkoani walione, na nguruwe pori nao wameliona. Watu wakacheka mpaka kikao kikavunjika. Nilijua ni vidonge vimenipa mdomo ule. Lakini neno lenyewe lilikuwa kweli, sikulirudisha.

Daktari akapunguza vidonge kidogo, kama inavyotakiwa. Chembe zikaanguka chini kuliko mwanzo. Akavirudisha vilevile vya awali, na chembe hazikupanda. Dozi ileile, mwili uleule. Akaviongeza, hazikusogea. Halafu wiki moja ambayo hakubadilisha kitu, zikapanda zenyewe. Nikafurahi, nikala pilau. Wiki iliyofuata zikashuka tena.

Neema, hapo ndipo mtu anavunjika, si kwenye ugonjwa. Unakwenda kliniki kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani ambao hakuusomea. Zikipanda unajiona mwema, zikishuka unatafuta ulichokosea. Ulikula nini, ulibeba nini, ulimkasirikia nani. Siku moja nikiwa kwenye benchi la hospitali nikaamua kwamba sitafuti kosa tena. Vidonge nameza kwa saa yake, kliniki naenda kila nilipoambiwa, aspirini siigusi, kitu kizito sibebi. Nikishatimiza hayo, chembe zipande au zishuke, hiyo ni shauri yao. Mimi nina mikorosho ya kufyekea.

Mimba ilipofika katikati, Daktari Mathayo akaleta habari ya kukata bandama, maana huko ndiko chembe zinakoharibiwa. Akasema wakati mzuri wa kulitoa ni huo, kabla mtoto hajawa mkubwa.

"Ukilitoa, chembe zitapanda?" nikamwuliza.

"Kwa wengi hupanda. Si kwa wote."

"Na mtoto?"

"Tunaweza kumpoteza. Na tukiacha, wewe unaweza kutoka damu mahali tusipoweza kupabana kwa mkono."

Nikamwambia kwa sasa sivuji popote, fizi zimekauka, nikampa neno langu: nitakuja kila wiki bila kukosa, na siku nikianza kuvuja nitapanda mwenyewe kwenye meza yake. Akasema, "Kila wiki. Wiki moja ukikosa, tumemaliza mazungumzo." Tukakubaliana hivyo. Naandika hili kwa makusudi, ili asije mtu akasema Bibi Siku anafundisha watu kukataa hospitali. Nilikataa kisu nikiwa nimekaa mbele ya mwenye kisu, na tukapanga masharti. Aliyekimbia hakupanga kitu. Tena dawa zenu za leo si za wakati ule, kwa hiyo ya dozi muulize daktari wako.

Bosi wangu, afisa kilimo wa wilaya, alikuwa Bwana Eliudi, Mpare mmoja mwadilifu sana na mwoga sana. Alinikuta Masaki na uso wangu wa duara na mikono yenye mabaka.

"Mama Sikudhani, nimekuombea nafasi ofisi ya Kibaha. Utakaa mezani, karibu na mumeo."

"Na Masaki nani anakuja?"

"Kwa sasa hakuna mtu."

"Basi ruhusa ya akina mama imekufa."

"Bora ruhusa ife. Sitaki ufie mikononi mwangu."

"Mikononi mwako siwezi kufa, Bwana Eliudi. Kutoka ofisini kwako hadi hapa ni mbali."

Hakucheka. Akasema anachukua baiskeli ya serikali, maana nikianguka nayo itakuwa jukumu lake. Baiskeli nikampa bila ubishi, hata daktari alikuwa ameshaikataza. Lakini nikamwambia kituo sitoi, na kama anataka kunihamisha aniandikie kwamba kazi yangu ina dosari, ataje dosari yenyewe. Alikaa akitafuta dosari. Alikuwa mwadilifu, nimeshasema. Akapakia baiskeli kwenye Land Rover akaondoka.

Kwa hiyo nikawa natembea. Akina mama wakanipanga katikati, wengine mbele na mapanga wakifyeka njia, wengine nyuma, tawi lisije likanigusa. Tukifika naketi kwenye kigoda na kijiti kirefu naelekeza: lile kavu ondoa, lile la chini ondoa, hili liache litazaa. Ule mtindo wa Mzee Kondo wa kupalilia kwanza ukanishinda. Nikaogopa hawatanisikiliza. Bi Chausiku ndiye aliyesema walichokuwa wanafikiri wote.

"Siku hizi bibi shamba amekuwa bwana mkubwa. Anakaa kivulini, anatuonyesha kwa fimbo."

"Njoo ukae wewe," nikamwambia. "Nipe panga nikate. Tawi likinichoma, ubane damu mpaka kesho."

Akageuka akamwuliza mwenzake, "Kasema lipi tukate?"

Ikawa hivyo. Na niwaambie jambo nililojifunza hapo, la kazi: kwa kuwa sikuweza kuwakatia, walilazimika kujua wenyewe. Hadi maua yanatoka, akina mama wale walikuwa wanapogolea vizuri kuliko mimi, na wanabishana kati yao tawi lipi liondoke. Miaka yangu yote ya jembe sikuwahi kufikisha watu hapo.

Malaria nayo haikunisahau. Zahanati, mganga wa zamu akajaza sindano ya kwinini ya paja. Nikakataa, maana daktari wa Dar alinikataza sindano za kwenye msuli, damu ingevilia ndani. Yule bwana akakasirika, akasema kama najua zaidi nijitibu. Nikamwambia sijui zaidi, naomba tu vidonge, na sitoki kwenye kiti mpaka nivipate. Nilikaa. Wagonjwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika, kwanza kwangu, kisha kwake. Akanipa klorokwini. Iliniwasha mwili mzima, nikawa najikuna kwa kiganja badala ya kucha, nisijitie mabaka mapya.

Mabaka yale yalimponza Rajabu. Mlandizi watu walianza kusema fundi anampiga mkewe mwenye mimba. Wazee wakamwita barazani, na mama mkwe wangu Bi Mwamvua akaja kunichukua Masaki. "Mkwe wangu, twende ukaseme, wanamdhalilisha mwanangu." Tukaenda. Rajabu alikuwa amekaa mkekani, kichwa chini, mikono yake mikubwa ya grisi imelala kwenye magoti. Mtu ambaye hajawahi kuninyanyulia hata sauti.

Nikawapa wazee shikamoo, nikapandisha mkono wa gauni, nikabonyeza ngozi kwa kidole gumba mbele yao. "Kunyweni kahawa," nikasema, "kisha mtazame." Wakanywa. Alama ikatokea, nyekundu, ikaenda kwenye zambarau. Nikawaambia, "Huyu aliyenipiga sasa hivi ni nani?" Mzee mmoja akamwomba Rajabu radhi. Bi Mwamvua hata hakuwaaga. Alinishika kiwiko kwa upole kama anashika yai, tukatoka. Njiani akaniambia ameshaniandalia kombe, maji ya aya za Kurani, je, daktari ataruhusu. Nikamwambia nitauliza. Daktari Mathayo akasema halina madhara. Nikanywa kombe na vidonge pamoja, na kilichosaidia siku ile sitaki kujua.

Mwezi wa mwisho Daktari akataka niwe hospitalini kabla ya uchungu, maana barabara ya kwetu mvua za vuli zikianza gari linakwama, na akataka watu wa kunitolea damu siku yenyewe. Damu iliyokaa ingekuwa haina zile chembe, alisema, ilitakiwa ya moto moto. Rajabu akapimwa, kundi halikulingana. Habari ikafika Masaki, ambako mwenyekiti alikuwa amewaruhusu akina mama waokote korosho bila mimi, kwa ahadi kwamba nitarudi. Lori la korosho lilipokuwa linakwenda Dar, akina mama wakapanda juu ya magunia. Wengi wao hawakuwa wamewahi kudungwa sindano ya kutoa damu, na waume zao walikuwa wamewaambia damu ikitoka hairudi. Aliyewaongoza alikuwa Bi Chausiku. Nilipomwona wodini na kanga yake imejaa vumbi la magunia, machozi yakanitoka.

"Usilie," akasema. "Nimekuja kwa sababu ya mikorosho. Ukifa wewe, mwenyekiti anafunga njia."

Alilingana. Asubuhi uchungu ukaanza, wakatoa damu ya Bi Chausiku ikawa tayari, wakanipima, na chembe zangu zilikuwa zimepanda. Bila sababu. Dozi haikuwa imebadilishwa. Daktari Mathayo akaisoma ile hesabu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Usiniulize," akasema.

Nikajifungua mtoto wa kike kabla ya mchana. Damu ikatoka kama ya mzazi yeyote, ikakata. Ile chupa ya Bi Chausiku wakampa mama wa kitanda cha pili aliyekuwa anapotea kwa kutoka damu, na akapona. Bi Chausiku alipoambiwa alinuna.

"Nimetoa damu yangu kwa ajili yako, wamempa mtu nisiyemjua."

"Nenda mkajuane, yuko hapo."

"Basi huyo mtoto wako aitwe jina langu."

"Damu yako sikuipata mimi. Kamdai mwenzangu ampe wake."

Akaenda kweli kumdai. Yule mama alikuwa amezaa mvulana.

Mtoto wangu alichomwa kisigino kupimwa damu siku kadhaa mfululizo, maana watoto nao huweza kuzaliwa na upungufu. Zake zilishuka kidogo, zikapanda, zikakaa. Hizo ndizo siku nilizoogopa kuliko zote, kwa sababu hapo hapakuwa na la kukataa wala la kupanga masharti, nilikuwa naangalia tu kisigino kile kidogo. Zangu mimi zilishuka tena baada ya uzazi, na vidonge vikaadimika mjini, Rajabu akazunguka maduka ya dawa mpaka akavipata. Zilipanda, zikashuka, zikapanda. Bandama langu ninalo hadi leo. Nilizaa wawili wengine ingawa niliambiwa nisithubutu. Mimba moja chembe hazikushuka kabisa. Nyingine zilishuka, vidonge vikazipandisha mara moja. Nilimwuliza Daktari Mathayo tofauti ilikuwa nini. Mnajua alichojibu.

Nimalizie na siku niliyorudi kazini. Nilikaa arobaini kwa Bi Mwamvua, ilipotimia nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda Masaki, ununuzi wa korosho ukiwa umepamba moto. Akina mama walikuwa kwenye foleni kituoni na magunia yao, mavuno ya kwanza ya mahame tangu wahamishwe. Walikuwa wamezichambua wenyewe, nilizikagua, zilikuwa safi. Karani wa mzani, kijana mgeni mwenye shati jeupe, akaingiza mkono kwenye mdomo wa gunia la kwanza, akatoa kiganja kimoja, akasema, "Daraja la pili. Yote."

"Hujafungua mengine," nikamwambia.

"Ni ya shamba moja. Daraja la pili. Anayefuata."

Akina mama wengine walishaanza kuinama kubeba magunia yao kuyaweka upande wa daraja la pili. Mzani wenyewe ulikuwa ule wa bamba la chuma chini. Nikasogea nikakaa juu yake, nikampakata mtoto.

"Mama, toka kwenye mzani."

"Nitatoka ukishamwaga kila gunia hapa chini ukalichambua tukiona."

"Mimi nina kazi. Toka, au nitakutoa."

Akanyoosha mkono kunishika. Nikapandisha mkono wa gauni nikamwonyesha mabaka, ya zambarau, ya njano, mengine ya jana tu. "Nishike," nikasema. "Popote utakaposhika patatokea alama ya vidole vyako, na watu wote hawa watasema umempiga mzazi wa arobaini. Mume wangu alishaitwa barazani kwa alama ambazo hakuziweka. Wewe utakuwa umeziweka."

Mkono wake ukabaki hewani. Akamgeukia Bi Chausiku, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akamwuliza mama huyu ana nini.

"Damu yake haisikii la mtu," Bi Chausiku akasema. "Na mwenyewe hasikii la mtu. Mwaga magunia, mwanangu, jua linapanda."

Akamwaga la kwanza.